Swichi ya feni ya rejeta: anza na joto la kuzima

Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukaomba swichi ya joto ya feni ya rejeta, utaulizwa ni ya gari gani. Muuzaji akiwa mjuzi atauliza pia ni ya nyuzi ngapi, na wateja wengi hujibu kwa namba moja: "Nipe ya tisini." Namba moja haitoshi. Swichi hizi hupigwa chapa ya namba mbili, kwa mfano 92/87 au 95/90. Ya kwanza ni joto ambalo swichi hugeuka maji yanapopanda, na hapo feni huwaka. Ya pili ni joto ambalo swichi hurudi maji yanaposhuka, na hapo feni huzima. Watu hununua kwa kutazama ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotuliza hofu ya gari kuchemsha. Lakini ya pili ndiyo inayoamua kama mfumo utadumu, au baada ya miezi sita fundi atakata waya na kukufungia feni "dairekti", izunguke tangu unapowasha gari mpaka unapozima.

Ndani ya swichi ya kawaida hakuna elektroniki yoyote. Kuna kisahani chembamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti. Joto likifika pale kilipopangiwa kiwandani, kisahani hujipindua ghafla na kugusanisha ncha mbili za umeme, au kuziachanisha. Ili kijipindue kurudi kilipokuwa, lazima kipoe nyuzi kadhaa zaidi. Mwanya huo, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 10, umewekwa makusudi. Bila mwanya feni ingewaka na kuzima kila sekunde chache, na kila kuwaka huvuta umeme mwingi kuliko feni inapokuwa imeshashika mwendo. Rilei, yaani swichi ya sumaku inayoipelekea feni umeme, isingemaliza mwaka.

Thamostati kwanza, swichi baadaye

Kabla ya kuchagua swichi, jua thamostati yako, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kulingana na joto, ni ya nyuzi ngapi. Namba hupigwa kwenye metali ya thamostati yenyewe, na kwa Toyota nyingi za petroli ni 82. Maana yake si kwamba kwenye nyuzi 82 iko wazi kabisa. Hapo ndipo inapoanza kufunguka, na uwazi kamili huupata maji yakikaribia nyuzi 95. Katikati ya namba hizo mbili thamostati ndiyo inayotawala: inafungua kidogo, inafunga kidogo, inapitisha kwenye rejeta maji yanayotosha tu.

Kwa hiyo thamostati hulinda joto la chini na feni hulinda joto la juu, na kila mmoja ana eneo lake. Matatizo huanza pale feni inapoingizwa kwenye eneo la thamostati. Chukua injini yenye thamostati ya 82 inayokaa pale maji yanapotoka kwenye injini, kisha ufunge jirani yake swichi ya 85/78. Feni itawaka kwenye 85, sawa. Itapoza rejeta, maji baridi yatarudi, na thamostati itaanza kujifunga kwa sababu injini inapoa. Maji ya kwenye injini yatabaki yanazunguka humo humo karibu na nyuzi 82. Swichi inasubiri 78, na 78 haitafika kamwe wakati injini inafanya kazi. Feni itazunguka siku nzima, brashi za mota zitakwisha, oltaneta (jenereta ya gari) itabeba mzigo usio na kazi, na mwenye gari ataona swichi "imeharibika". Haijaharibika. Inafanya kile ilichotengenezwa kufanya, ila imewekwa mahali pasipo pake.

Feni inayochelewa kuwaka unaigundua siku hiyo hiyo, kwa sababu mshale unapanda. Feni isiyozima hukaa miezi bila kulalamikiwa na mtu, na wengine huifurahia wakidhani gari limepoa vizuri. Hii ndiyo sababu ya kuanza na namba ya pili.

Imefungwa upande wa moto au upande wa baridi?

Swichi ya nyuzi zile zile hufanya kazi tofauti kabisa kulingana na inapokaa. Maji huingia rejeta kwa mpira wa juu yakiwa ya moto na kutoka kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa. Rejeta nzima ikifanya kazi vizuri, tofauti kati ya juu na chini mara nyingi ni nyuzi 6 hadi 10, na feni inapovuma kwa nguvu gari likiwa limesimama huweza kuzidi hapo.

Kwa swichi iliyo upande wa moto, yaani kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), kwenye mpira wa juu au kwenye tanki la juu la rejeta, na thamostati ya 82 ikiwa kwenye mlango wa kutokea maji, kipimo kizuri ni kuzima kati ya 87 na 90 na kuwaka kati ya 95 na 97. Kuzima kunabaki nyuzi tano au zaidi juu ya pale thamostati inapoanza kufunguka. Kuwaka kunakuja thamostati ikiwa tayari iko wazi au karibu kabisa, maana feni kupuliza rejeta ambayo maji hayapiti vizuri ni kupoteza umeme.

Kwa swichi iliyo upande wa baridi, yaani tanki la chini au mpira wa chini, shusha namba zote. Kuwaka kati ya 88 na 93, kuzima kati ya 82 na 85. Mtu akichukua swichi ya 97/90 iliyokuwa kwenye hedi akaihamishia tanki la chini, ajue kwamba feni itakapowaka maji yanayotoka kwenye injini yatakuwa yameshapita nyuzi 103. Injini nyingi zitavumilia hilo kifuniko cha rejeta kikiwa kizima. Kikiwa kimechoka, hazitavumilia.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilipangwa kwa namba 93 na 83, na thamostati ya 82. Angalia jinsi 83 inavyokaa nywele moja juu ya 82. Hiyo si bahati, ndiyo hesabu yenyewe.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata mafundi wazuri. Si injini zote zenye thamostati kwenye mlango wa kutokea maji. Nyingi za Kijapani za miaka 30 iliyopita zinayo kwenye mlango wa kuingilia. Kujua ni rahisi: fuata mpira wa chini wa rejeta. Ukiishia kwenye nyumba ya thamostati, basi thamostati yako ni ya kuingilia. Katika mpangilio huo thamostati haipimi maji yanayotoka, inapima mchanganyiko unaoingia. Ikidhibiti mchanganyiko uwe nyuzi 83 hivi, maji yanayotoka kwenye hedi yatakuwa 83 pamoja na joto lote lililookotwa ndani ya injini, tuseme nyuzi 5 hadi 8 zaidi. Injini ikiwa kwenye kazi, nyuzi 90 kwenye hedi ni hali ya kawaida kabisa.

Sasa mfungie mwenye injini kama hiyo swichi ya 95/88 kwenye mpira wa juu, ile ile niliyoisifu aya chache zilizopita. Itawaka vizuri na haitazima. Kwa thamostati ya kuingilia na swichi ya upande wa moto, tafuta 100/95 au inayokaribia hapo. Njia bora zaidi kwa injini hizi ni kuweka swichi kwenye tanki la chini. Thamostati inapotawala, maji ya chini ya rejeta huwa chini sana ya nyuzi 82, kwa hiyo kuzima hakusumbui. Na yakianza kupanda kuelekea 90, hiyo ni ishara safi kwamba rejeta imeshindwa bila feni.

Mlima, kifuniko na kuchemka

Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 94 hivi. Arusha ni 95 na kidogo, Mbeya 94 na kidogo. Kila mita 300 za kupanda hukupunguzia karibu nyuzi moja.

Hilo lingekuwa janga kama rejeta ingekuwa wazi. Kifuniko cha kawaida cha Toyota hushikilia kilopaskali 88, na kwa shinikizo hilo maji matupu huchemka karibu na 118 pwani na karibu na 115 Nairobi. Kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi 6 hadi 8 juu ya hapo. Kwa hiyo swichi inayowasha feni kwenye 97 ina nafasi ya kutosha popote Afrika Mashariki, mradi kifuniko kinashika. Kifuniko ambacho mpira wake umekakamaa hakishiki, na dereva wa Nairobi aliyetia maji matupu atachemsha kwenye 94, nyuzi tatu kabla swichi haijafikiria kuwasha feni. Atalaumu swichi, atanunua ya 85, na sasa atakuwa na feni isiyozima pamoja na kifuniko kibovu. Badilisha kifuniko kwanza. Ni cha bei ndogo kuliko vitu vingi kwenye mfumo huu.

Kwa sababu hiyo hiyo, unapotoa hewa kwenye mfumo huku kifuniko kiko wazi, miji ya nyanda za juu itakuonyesha maji yakitokota kabla feni haijawaka. Si kosa la swichi. Funga kifuniko, subiri, itawaka.

Inayofunga na inayofungua

Hapa ndipo injini huuawa, kwa hiyo soma pole pole.

Kuna swichi ambazo zikiwa baridi hazipitishi umeme, na zikipata joto zinapitisha. Swichi nyingi za Ulaya na za Honda ni za namna hiyo. Kuna nyingine ambazo zikiwa baridi zinapitisha, na zikipata joto zinakata. Toyota nyingi za zamani zenye swichi hutumia aina hii ya pili: chini ya nyuzi 83 umeme unapita, juu ya 93 unakatika, na rilei yake imetengenezwa kuwasha feni umeme wa swichi unapokatika. Mantiki yake ni nzuri sana. Waya ukikatika au soketi ikichomoka, feni inazunguka muda wote badala ya kunyamaza. Gari linajilinda.

Swichi hizi mbili zinaweza kuwa na thredi ile ile, umbo lile lile, hata soketi ile ile. Ukifunga ya aina ya kwanza mahali pa aina ya pili, feni itavuma injini ikiwa baridi na itanyamaza hasa pale maji yanapofika nyuzi 93. Dereva ameshasikia feni inafanya kazi asubuhi, hana wasiwasi, na anaingia kwenye foleni ya Mandela Road saa nane mchana. Mwisho wake ni gasketi ya hedi kuungua.

Kujua gari lako ni la aina gani kunachukua dakika moja. Injini ikiwa baridi, kiyoyozi kimezimwa, washa swichi ya ufunguo bila kupiga injini, kisha chomoa soketi ya swichi ya joto. Feni ikiwaka, mfumo wako unataka swichi inayokata kwa joto. Feni ikibaki kimya, gusanisha waya mbili za soketi, au waya mmoja na bodi kama ni wa pekee. Ikiwaka sasa, unataka swichi inayounga kwa joto. Dukani, pima swichi ikiwa baridi kwa mita kwenye alama ya kengele. Ikilia, ni ya kukata. Usikubali jibu la "zote zinaingiliana".

Zipo pia swichi za ncha tatu, kwa feni za mwendo wa aina mbili. Za Golf za miaka ya 1990, kwa mfano, huwasha mwendo mdogo kati ya 92 na 97 na kuuzima kati ya 84 na 91, kisha mwendo mkubwa kati ya 99 na 105 na kuuzima kati ya 91 na 98. Kwa mtu anayejenga mfumo mpya wenye feni mbili, swichi hii ni chaguo zuri: feni moja huwaka mapema, ya pili huja ikihitajika tu, na oltaneta haigongwi na mizigo miwili kwa mpigo. Thredi yake ni M22×1.5 (kipenyo milimita 22, na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino), kwa hiyo haiingii kwenye tundu la Kijapani.

Magari kama IST, Vitz na Passo hayana swichi ya kuchagua. Kompyuta ya injini husoma sensa ya joto la maji na kuamuru rilei ya feni. Feni ya gari la namna hiyo ikigoma, tafuta sensa, rilei, fyuzi, waya au mota. Kubandika swichi ya nje kwenye gari hilo ni kuficha ugonjwa.

Thredi, ethi na mahali pa kuifunga

Swichi nyingi za feni za Kijapani ni M16×1.5 na hukaa juu ya wosha au oringi. Hizo hazihitaji utepe mweupe wa mafundi bomba. Wosha mpya, kaza kwa mkono mpaka ikae, kisha robo mzunguko au zaidi kidogo kwa spana. Tanki la plastiki au la shaba laini halisamehe mkono mzito.

Thredi za koni, zinazobana kadiri unavyoingiza, zina mtego wake. Zile ndogo za inchi moja ya nane za Kijapani zina meno 28 kwa inchi, za Kimarekani zina 27. Zitaingiliana mizunguko miwili mitatu, utajiona umepata, kisha zitakwama na kuharibu tundu la alumini. Zikikataa kuingia kwa vidole, simama hapo.

Swichi ya ncha moja hutumia bodi yake kama ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Ukiizungushia utepe mwingi, au ukiifunga kwenye tanki la plastiki, ethi imekwisha na feni haitawaka hata maji yafike nyuzi 120. Pima kwa mita kati ya bodi ya swichi na ncha hasi ya betri, uone usomaji ulio karibu na sifuri. Kwa rejeta ya plastiki nunua ya ncha mbili, na waya mmoja upeleke ethi mwenyewe.

Kama rejeta haina tundu, kuna njia tatu sokoni. Ya kwanza ni kidole cha kupima joto kinachochomekwa kati ya mapezi ya rejeta, chenye kitufe cha kurekebisha. Hicho hupima hewa na bati kuliko maji, kinasogea kwa mtikisiko, na kamba za plastiki zake hukwaruza mirija mpaka itoboke. Ya pili ni kidole kinachopitishwa chini ya mdomo wa mpira. Kitavuja, leo au mwezi ujao. Ya tatu ni bomba fupi la alumini lenye tundu la M16×1.5 linalofungwa katikati ya mpira, na hii ndiyo ya kutumia. Pima kipenyo cha ndani cha mpira wako kwa kaliba kabla ya kununua, maana mabomba haya huuzwa kwa 32, 34, 36, 38 na kadhalika, na milimita mbili tu hufanya klipu isibane. Kata kipande cha mpira ili urefu wote usibadilike, tumia klipu za skrubu mbili, na kumbuka kuwa bomba lililozungukwa na mpira pande zote halina ethi. Mengi huja na skrubu ndogo ya kufungia waya wa ethi. Itumie.

Ncha ya swichi lazima izame ndani ya maji yanayotembea. Ikiwa juu kabisa ya rejeta, maji yakipungua kidogo itabaki kwenye mvuke, nao hupasha taratibu mno kuliko maji. Hapo unapata gari ambalo feni yake inagoma siku ile ile maji yalipopungua, yaani siku unayoihitaji zaidi. Upande wa chini una usalama zaidi kwa hilo, ila una udhaifu wake: thamostati ikikwama imefungwa, maji ya moto hayafiki chini, swichi inabaki baridi na feni kimya huku injini inaungua.

Rilei, fyuzi na waya

Usipitishe umeme wa feni ndani ya swichi, hata kama baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya yalifanya hivyo. Feni ya gari dogo huvuta ampea 8 hadi 12, kubwa hufika 20 na zaidi, na inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya hapo kwa kitambo. Koili ya rilei ya volti 12 huvuta takriban ampea 0.15. Swichi inayobeba koili peke yake huishi.

Kwa swichi inayounga kwa joto, mpangilio ni huu. Ncha 30 ya rilei inapata chanya kutoka betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri. Ncha 87 inakwenda feni. Ncha 86 inapata chanya cha ufunguo kupitia fyuzi ndogo. Ncha 85 inakwenda swichi ya joto, na swichi inakwenda ethi. Weka diodi 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea 86, ili mshtuko wa koili inapozimwa usile ncha za swichi. Fyuzi iwe mara moja na nusu ya ampea za feni ikiwa imeshika mwendo: feni ya ampea 20, fyuzi ya 30. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha mpaka ampea 15 kwa urefu mfupi, 4 kwa ampea 20 hadi 25, na 6 kwa zaidi ya hapo. Ethi ya feni iwe na unene ule ule. Feni mbili, rilei mbili, fyuzi mbili. Swichi moja inaweza kuamuru koili zote mbili.

Kwa swichi inayokata kwa joto, feni hukaa kwenye ncha 87a. Injini ikiwa baridi swichi inaiwasha koili, na 87a haina umeme. Swichi ikikata, koili inalegea na feni inapata umeme. Tatizo ni ukizima gari: koili inakosa umeme, rilei inalegea, na feni inavuma uwanjani mpaka betri ife. Kwa hiyo ncha 30 ya rilei hiyo ipate umeme kupitia rilei nyingine inayoamriwa na ufunguo. Angalia pia ubavu wa rilei: upande wa 87a mara nyingi umeandikwa ampea chache kuliko upande wa 87.

Kiyoyozi kikiwashwa feni lazima izunguke bila kusubiri maji yapate moto, la sivyo presha ya gesi inapanda na kompresa inakata. Mpe kiyoyozi rilei yake inayopeleka umeme kwenye feni ile ile, badala ya kuunganisha waya zake kwenye swichi ya maji.

Ukimaliza, pima volti kwenye ncha za feni yenyewe ikiwa inazunguka, kisha pima kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au ethi yenye kutu.

Kuipima kwenye sufuria

Swichi mpya ipimwe kabla ya kufungwa, kwa sababu chapa na ukweli haviendi pamoja sikuzote. Ining'inize kwa waya kwenye sufuria ili ncha yake izame bila kugusa chini, huku soketi ikibaki nje. Weka kipimajoto cha jikoni karibu na ncha, unganisha mita, na pasha taratibu, ukikoroga. Andika joto mita inapobadilika. Zima moto, acha ipoe, andika joto inaporudi. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana nyuzi mbili, ni swichi nzuri. Yakipishana sita, irudishe dukani.

Aliyeko Nairobi, Arusha, Mbeya au Eldoret asitumie maji kwa swichi ya 95 au zaidi. Maji yake yatachemka kabla, swichi haitageuka, na atatupa swichi isiyo na kosa. Tumia mafuta ya kupikia, moto mdogo, na usiache mtoto karibu.

Kipimajoto cha miale hakifai kwa bomba la alumini linalong'aa, kinasoma chini ya ukweli kwa nyuzi nyingi. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya alumini, kisha pima hapo.

Kabla ya kuilaumu

Feni isiyozima, huku swichi imepimwa ikawa sawa, mara nyingi ni rilei iliyogandana ncha. Igonge kwa mpini wa bisibisi. Feni ikizima umempata mchawi. Feni inayovuma hata kwenye kilomita 80 kwa saa barabara ikiwa tambarare ni dalili ya rejeta iliyoziba au swichi ya nyuzi za chini mno, kwa sababu kwa kasi hiyo upepo wa safari peke yake unatosha. Feni inayovuma kwa nguvu lakini haipozi inaweza kuwa imegeuzwa waya na inasukuma hewa kinyume. Shika karatasi mbele ya rejeta: kwa feni iliyo nyuma, karatasi lazima ivutwe kwenye rejeta.

Na kama thamostati imetolewa, hesabu yote ya hapo juu haina pa kusimama. Kwenye injini zenye thamostati ya kuingilia, kuitoa huacha njia ya mkato wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana baadhi ya magari huchemsha zaidi baada ya thamostati kutolewa. Irudishe, mpya, ya nyuzi alizoandika mtengenezaji, ndipo uende kununua swichi.

Kipimo cha mwisho ni cha gari lenyewe. Kiyoyozi kimezimwa, kifuniko kimefungwa, acha injini iungurume kwenye kivuli bila kukanyaga mafuta na ushike saa. Feni iwake, ishushe joto, izime yenyewe, na ikae kimya kwa muda unaoonekana kabla ya kuwaka tena. Ikimaliza mizunguko mitatu ya namna hiyo, chukua kalamu ya rangi uandike juu ya chuma cha kushikia rejeta: nyuzi za thamostati, namba mbili za swichi, na kama ni ya kuunga au ya kukata. Fundi atakayefungua boneti baada yako ataanzia hapo.